Nusu ya Pili ya Ukurasa

Mwaka 2014, enzi hizo mabasi ya mikoani bado yanaanzia Ubungo, nilikaa dirishani kwenye basi la Tanga lililochelewa kuondoka. Kijana mmoja akapita chini ya dirisha na beseni la karanga. Nikanunua za shilingi 200. Zikaisha kabla dereva hajapanda, nikabaki na karatasi mkononi, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikaikunjua, nikaipangusa chumvi kwa kiganja, nikaanza kuisoma.

Ilikuwa nusu ya juu ya ukurasa wa daftari, imechanwa katikati kwa upana. Mtoto wa darasa la tano au la sita alikuwa ameandika insha ya safari ya kwenda kwa bibi yake. Mwandiko umelala upande wa kushoto, kila herufi ya g na mkia wake mrefu unaogusa mstari wa chini. Kulikuwa na basi lililoharibika njiani. Kulikuwa na mjomba aliyebeba jogoo. Halafu, juu kidogo ya mchano, maneno haya: "Tulipofika mtoni tukakuta". Hapo karatasi ikaishia.

Nikageuza nyuma. Nyuma ilikuwa tayari nusu ya juu ya ukurasa unaofuata, kwa hiyo kilichokutwa mtoni kilikuwa kimeondoka na nusu ya chini, kwenye karanga za abiria mwingine. Huku nyuma bibi anatoka nje, anacheka mpaka anakaa chini, insha inakwisha, na kalamu nyekundu imeandika 14/20 na maneno "Zingatia nukta".

Niliibeba karatasi ile mpaka Tanga, nikarudi nayo Dar es Salaam. Ndiyo ya kwanza niliyoitunza kwa makusudi. Leo nina mabegi matatu ya nguo yaliyojaa karatasi za namna hiyo, na maboksi chini ya kitanda, na watu wa mtaani kwetu Buguruni wananiita dada wa makaratasi.

Ninatengeneza picha kwa karatasi zilizokwisha kutumika. Wenye elimu ya sanaa huiita kazi hii kolaji, neno lililotoka Ufaransa kwenye kitenzi cha kubandika kwa gundi. Husemwa kwamba ilianza mwaka 1912, pale mchoraji Georges Braque aliponunua mjini Avignon karatasi za ukutani zilizochapwa mfano wa mbao, akazikata na kuzibandika kwenye michoro yake, na rafiki yake Picasso akiwa kwenye njia hiyohiyo. Siwanyimi haki yao. Ila mimi nilipoanza sikuwa nawajua, na nilikuwa nimekwisha kufanya kazi hii tangu utotoni bila kujua kwamba ina jina.

Kila muhula ulipoanza, mama alitandika mkeka tukavika madaftari majalada. Ya Hisabati yalipata gazeti. Ya Kiingereza yalipata kalenda ya mwaka uliopita, kwa sababu karatasi ya kalenda ni nzito na inang'aa, na mwalimu wa Kiingereza alikuwa mkali wa usafi. Dada yangu alikuwa fundi wa kupanga picha ya kalenda ikae sawasawa katikati ya jalada, mlima huku, theluji huku. Vishada tuliviunda kwa magazeti na njiti za makuti, tukavibandika kwa ugali wa jana. Kwa bibi, Muheza, ukuta wa udongo wa chumba cha wageni ulibandikwa magazeti toka chini mpaka juu ili vumbi lisidondoke kitandani. Nililala chumba kile likizo nyingi. Nilijifunza kusoma haraka pale, nikiwa nimelala ubavu, habari za mikutano na mechi na bei za pamba, baadhi zikiwa zimepinduliwa miguu juu kwa sababu aliyebandika hakujua kusoma, au alijua lakini alitazama ukubwa wa karatasi tu.

Kwa hiyo karatasi kwetu haijawahi kuwa na maisha mamoja. Gazeti linasomwa, linafungia samaki, linawashia jiko. Mfuko wa saruji ukishamwaga saruji unakung'utwa na kutandikwa chini ya godoro. Sioni kwamba mimi ninaokoa takataka. Ninapokea kitu kilicho safarini, nakiongezea kituo kimoja.

Shangazi yangu hakuliona hivyo. Siku alipokuja kunitembelea akakuta nimetandaza karatasi chumba kizima, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mimi naogopa. Mwisho wa kuokota karatasi ni kuokota makopo." Kila Mswahili anajua maana ya kuokota makopo. Hakuwa anatania. Alikuwa amemuuguza mtu aliyeugua akili, na alikuwa anaangalia mikono yangu kama anayetafuta dalili.

Nilimweleza habari za bibi mmoja wa Kiingereza, Mary Delany, aliyezaliwa mwaka 1700. Aliozwa akiwa na miaka 17 kwa mzee wa karibu miaka 60, akafiwa, akaolewa tena kwa mapenzi yake, akafiwa tena. Mwaka 1772, akiwa na miaka 72, akikaa kwa rafiki yake, aliona kipande cha karatasi nyekundu kimefanana rangi na ua la jerani lililokuwa mezani. Akachukua mkasi. Rafiki yake alipoingia akadhani petali zile ni za ua lenyewe. Kwa miaka kumi iliyofuata alitengeneza maua 985 kwa karatasi, mengine yakiwa na vipande zaidi ya mia, yote juu ya karatasi nyeusi, mpaka macho yakakataa. Sehemu ya karatasi zake zililetwa na manahodha waliotoka China, na nyingine alizipata kwa watia rangi wa karatasi za ukutani, zile zilizoharibika rangi ikachuruzika, kwa sababu rangi iliyochuruzika ina vivuli ambavyo rangi iliyotulia haina. Maua yake yanatunzwa British Museum mpaka leo, na wataalamu wa mimea wanayatambua moja moja.

Shangazi akasikiliza, akauliza, "Miaka 72?" Nikamwambia ndiyo, shangazi. Akakunja karatasi moja iliyokuwa karibu na goti lake, akaiweka juu ya lundo. Hakusema zaidi, lakini tangu siku ile kila akija huniletea maboksi ya dawa zake, yamebanjuliwa na kunyooshwa vizuri.

Aliyenifundisha hasa ni mwingine. Kurt Schwitters alizaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka 1887. Alisomea uchoraji wa rangi za mafuta, wa sura za watu na mandhari, na hakuuacha maisha yake yote, maana mara nyingi ndio uliompa mkate. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, nchi imeshindwa, fedha inaporomoka, watu wanapigana risasi mitaani, yeye akaanza kuinama barabarani. Aliokota tiketi za tramu, zile treni za barabarani, bahasha, karatasi za peremende, vipande vya magazeti, vifungo, vibao. Alieleza baadaye kwamba kila kitu kilikuwa kimevunjika, na kipya ilibidi kijengwe kwa vipande hivyohivyo. Mwaka 1919 alikata tangazo la benki iliyoitwa Kommerz- und Privatbank, akabakiza herufi nne za mwisho za neno la kwanza, MERZ, akazibandika. Neno halina maana kwa Kijerumani. Akalichukua likawa jina la kazi zake zote, jarida lake, na hata lake mwenyewe.

Nimezitazama kolaji zake kwenye vitabu na kwenye intaneti mpaka nazijua kama sura za ndugu. Na jambo linalonishika kila mara ni lugha. Zipange kwa miaka uone. Mwanzoni karatasi karibu zote ni za Kijerumani: namba za tramu, bei, stempu. Januari 1937 akakimbilia Norway, kwa kuwa Wanazi walikuwa wanawasaka watu wa sanaa ya namna yake. Mwaka huohuo kazi zake zikaanikwa Munich kwenye maonyesho yaliyoandaliwa ili watu waje kuzicheka. Karatasi zikaanza kusema Kinorwe. Wajerumani walipoivamia Norway akakimbia tena yeye na mwanawe, wakapanda meli iliyowafikisha Uskoti Juni 1940, na Waingereza, kwa kuwa alikuwa Mjerumani, wakamfungia kambini katika kisiwa cha Man mpaka Novemba 1941. Humo hapakuwa na vifaa. Akachora juu ya linoleamu iliyobanduliwa sakafuni, akafinyanga sanamu kwa uji wa shayiri uliobaki, zikaota ukungu wa kijani na kunuka. Kisha London, kisha mji mdogo wa Ambleside milimani kaskazini mwa Uingereza, na karatasi sasa ni tiketi za basi za Kiingereza, pakiti za chai, karatasi za pipi, na mwishoni katuni za Kimarekani zenye rangi kali.

Yaani mtu huyu hakuandika kitabu cha safari zake, lakini ukisoma karatasi alizookota unajua alikuwa wapi, alikula nini, alipanda basi lipi. Alipokea kilichokuwa chini ya miguu yake, nchi yoyote iliyomtupa.

Nyumba yake Hannover aliigeuza ndani kuwa kazi moja kubwa ya sanaa, miaka zaidi ya kumi akiongeza mbao na plasta na vitu vya marafiki zake, chumba kikamezwa, kikafuata kingine. Mabomu ya Oktoba 1943 yaliifuta yote. Mke wake, Helma, alikuwa amebaki Ujerumani kutunza familia na mali. Alifariki Oktoba 1944 kwa saratani, nao hawakuwa wameonana tangu 1939. Naliandika hili polepole kwa sababu watu wengi wanaoeleza kolaji huitaja kama mchezo wa rangi na maumbo. Mwaka 1947 jumba la sanaa la kisasa la New York lilimpa dola 1,000, akaanza kujenga upya, safari hii kwenye banda la mawe bondeni Langdale. Alimaliza sehemu ya ukuta mmoja. Ukuta huo ulikuja kung'olewa mzimamzima mwaka 1965 na kupelekwa Newcastle, uko huko. Tarehe 7 Januari 1948 ikafika habari kwamba amekubaliwa kuwa raia wa Uingereza. Tarehe 8 akafariki.

Karatasi zote alizookota maisha yake yote zilimfikia mkononi kwa wakati. Hiyo moja, yenye jina lake, ilichelewa.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana najua wasomaji wengine wanataka kujaribu.

Karatasi ya gazeti ina uelekeo. Ukiichana toka juu kwenda chini inachanika mstari mnyoofu kana kwamba inakusaidia. Ukiichana kwa upana inakwenda popote inapotaka. Ni kwa sababu nyuzi zake zililala upande mmoja ilipopita kwenye mashine. Ukiujua uelekeo unaweza kuchana bila rula. Na kuchana si sawa na kukata. Mkasi unaacha ukingo mkavu. Mkono unaacha ukingo wenye manyoya, na kwenye karatasi iliyochapwa rangi upande mmoja unaacha utepe mweupe, ambao mimi huutumia kama povu la bahari au mwanga unaopita chini ya mlango. Kalenda ndizo bora kwa utepe huo.

Gundi nilianza na uji wa unga wa ngano. Unashika vizuri na unakupa muda wa kusogeza kipande kikae unapotaka. Lakini Dar kuna unyevu na kuna mende, na wanga ni chakula. Picha yangu ya kwanza kubwa, ya feri ya Kigamboni, niliikuta baada ya mvua za masika imetafunwa pembeni, na mawimbi niliyoyahangaikia wiki mbili yamebaki vitundu. Nililia. Tangu hapo natumia gundi nyeupe ya mafundi seremala, nimeizimua kwa maji, na wanga nauacha kwa majaribio tu. Karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inasinyaa na kuvuta ubao, kwa hiyo lazima ubandike na nyuma ya ubao karatasi ya uzito uleule, zivutane. Usipofanya hivyo hata hadibodi itapinda kama kipeto.

Risiti za mashine usiziamini. Zile za dukani na za benki hazina wino, zimechapwa kwa joto juu ya karatasi yenye dawa. Zinafifia zenyewe, na ukizipitishia pasi zinageuka nyeusi tii. Nilitengeneza picha nzima ya soko kwa risiti za mwaka mmoja wa matumizi yangu. Miaka mitatu baadaye bei zote zilikuwa zimefutika, imebaki karatasi ya rangi ya maziwa. Nimeiacha ukutani. Mwandiko wa kalamu za bolpeni, kinyume chake, unadumu zaidi. Daftari la mtoto linaishi kuliko risiti ya benki.

Kariakoo wapo wapiga chapa wanaotupa vipande vya pembeni baada ya kukata kadi za harusi, na wengine wao sasa wananiwekea. Wauza vitabu vya mitumba wa barabarani Posta wananiuzia kwa bei ya kuelewana vile visivyo na majalada. Kati ya kurasa zake hutokea vitu: tiketi ya treni, orodha ya michango ya msiba, unywele. Karatasi ngumu kuliko zote kuipata siku hizi ni ileile niliyoanza nayo. Karanga nyingi zinafungwa kwenye vinailoni, na mikate ya mchana inapewa mifuko ya kaki tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019. Kwa bahati yupo mama mmoja mtaani kwetu, muuza karanga wa miaka mingi, anayefungia bado kwa kurasa za madaftari. Hununua madaftari yaliyojaa kwa watoto, lundo kwa lundo. Tulipatana awe ananitunzia yale yenye insha na michoro, mimi nampa karatasi nyeupe za kufungia badala yake.

Hapo ndipo nilipokosea.

Nilitengeneza picha ya paa la nyumba za Buguruni kwa kurasa za Hisabati. Miraba ya daftari ilifaa kwa mabati. Nilichagua kurasa zenye alama nyekundu nyingi kwa sababu nyekundu ilifanana na kutu, na niliona fahari kwa ugunduzi huo. Nikaitundika ukutani, mlango wazi, kama kawaida yangu, watoto wa jirani wanaingia na kutoka. Mmoja wao, mvulana wa miaka kama kumi na miwili, alisimama mbele ya picha ile kwa muda. Nikadhani ameipenda. Nikamuuliza, "Umeonaje?" Hakujibu. Aliweka kidole juu ya bati moja, nikasogea, nikaona: jina lake, 3/20, na alama nane za kosa za wino mwekundu.

Niliubandua ukurasa ule kwa mvuke wa birika, taratibu, naye akingoja amesimama. Nilimpa. Akaukunja mara nne, akautia mfukoni, akasema "Asante, shikamoo," akaondoka. Kwa wiki kadhaa hakuja. Alipoanza kuja tena hatukulizungumza.

Kosa langu halikuwa jina peke yake, ingawa sasa najua kufunika majina na alama ni jambo la kwanza kabla ya mkasi. Nilikuwa nimeutazama ukurasa ule kama rangi. Mtoto aliuishi ule ukurasa, aliurudisha nyumbani, pengine aliuficha, pengine aliuuza kwa mama wa karanga ili upotee. Nami nikauchukua ulipokuwa unapotea, nikautundika.

Baada ya tukio lile nilirudi kuzitazama kazi za Wangechi Mutu kwa macho mengine. Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasoma Wales na kisha Marekani, na jina lake lilijengwa na kolaji kabla hajajulikana kwa sanamu zile za shaba zilizowekwa mwaka 2019 mbele ya jumba la makumbusho ya sanaa la Metropolitan la New York. Katikati ya muongo wa 2000 alitengeneza mfululizo wa picha 12 alizouita Histology of the Different Classes of Uterine Tumors. Chini kuna karatasi za zamani za kitabu cha tiba, michoro ya uzazi wa mwanamke wenye maradhi, iliyochorwa kwa usahihi wa baridi. Juu yake amejenga nyuso za wanawake weusi kwa midomo, macho na nywele alizokata kwenye majarida, na manyoya ya bandia, na pambo la kumetameta. Uvimbe unakuwa paji la uso. Maandishi ya kitabu yamebaki, unayasoma.

Kwa miaka nilizitazama nikisifu mkasi wake. Sasa nikaona anachokifanya kwa karatasi ya chini. Hakuichagua kwa rangi. Ile ni karatasi iliyowahi kumtazama mwanamke kama nyama ya kupasuliwa, na majarida yale ni karatasi zilizowahi kumwambia mwanamke mweusi ana mdomo tu na makalio. Mutu anazilazimisha zikae pamoja na zitutazame. Ana haki ya kuzikata kwa sababu zilimkata kwanza. Mimi nilimkata mtoto ambaye hakunikosea lolote. Hiyo ndiyo tofauti, na sikuwa nimeijua mpaka kidole cha yule mvulana kilipogusa bati.

Kuna jambo lingine la karatasi ambalo halina dawa. Ina pande mbili. Ukipaka gundi umechagua upande utakaozungumza na upande utakaonyamaza milele. Kwa gazeti sijali sana, nyuma ya habari ni tangazo. Kwa barua najali. Kwa daftari la mtoto siku hizi najali mpaka nachelewa kufanya kazi: mbele mchoro wa moyo wa binadamu, mishale yote imeelekezwa sawasawa, nyuma sentensi moja iliyoandikwa mara hamsini kwa adhabu. Nibandike upi? Nimewahi kukaa na ukurasa kama huo siku nzima, nikiupindua, chai inapoa.

Ndiyo sababu karatasi ya Ubungo sijaibandika mpaka leo. Nikionyesha safari, nitakuwa nimemzika bibi anayecheka. Nikimwonyesha bibi, mtoto hatafika mtoni. Nimehama nayo nyumba tatu. Mwaka jana niliikunja pembe ya juu kwa ndani nifunike jina, nikaining'iniza dirishani kwa uzi na kibanio cha nguo, upepo uigeuze unavyotaka.

Wiki iliyopita mama wa karanga alikuja kuniletea madaftari. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti, akakataa, akasema jiko lake liko moto. Lakini karatasi ile ilikuwa inazunguka mbele ya uso wake. Akaishika. Akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wazima, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Basi likaharibika. Mjomba akabeba jogoo. Akafika kwenye mchano, akanyamaza, akageuza nyuma, akasoma mpaka bibi akacheka, naye akacheka. Kisha akageuza tena mbele na kupapasa ukingo uliochanika, polepole, kwa kidole gumba, kama anayepima nguo.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii nusu ya chini ilimfungia nani?"